Galactica Mpya na Nyika ya Tanzania

Katika tamthilia zote za sayansi ya kubuni nilizowahi kuzifuatilia, hakuna niipendayo kuliko Battlestar Galactica iliyofufuliwa mwaka 2003, na imetokea kwamba safari yake ndefu inaishia katika ardhi ya Tanzania. Tangu ilipomalizika tarehe 20 Machi 2009 sijaweza kuiweka kando. Naipenda kwa jinsi ilivyothubutu kubishana na mtangulizi wake wa mwaka 1978 karibu katika kila jambo, na nina kinyongo nayo kwa jambo moja kubwa ambalo ililipokea kwa mtangulizi huyo bila kulihoji. Jambo hilo linatugusa moja kwa moja sisi tulio huku.

Galactica ya kwanza ilibuniwa na Glen A. Larson na kuanza kuonyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 17 Septemba 1978. Kisa chake ni chepesi kukisimulia: roboti waitwao Cylon wanayaangamiza kwa siku moja Makoloni Kumi na Mawili ya wanadamu, na manowari moja ya anga, Galactica, inaongoza msafara wa vyombo vya raia kwenda kuitafuta sayari ya hadithini iitwayo Dunia. Gharama zake zilikuwa kubwa mno kwa televisheni ya wakati ule, na baada ya msimu mmoja tu ikakatishwa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo wengi wa rika langu tuliifahamu kwa njia ya kanda za VHS, kupitia ile filamu iliyounganishwa kutokana na sehemu za mwanzo. Tuliipenda kweli. Sauti nzito ya Lorne Greene akiwa Kamanda Adama, muziki wa Stu Phillips, na lile jicho jekundu la Cylon lililokuwa likipita kushoto na kulia huku likitoa mvumo, vilitosha kumfanya mtoto aangalie nyota kwa namna nyingine.

Hata hivyo, mtu akiitazama leo kwa makini ataona kasoro iliyo katika kiini chake. Mabilioni ya watu wamekwisha kuuawa, na kabla saa tatu za ufunguzi hazijaisha manusura wamefika kwenye sayari yenye jumba la kamari, muziki na vyakula vya kila aina. Maombolezo yanapewa dakika chache, kisha hadithi inaendelea kana kwamba msiba umekwisha kuanuliwa. Nadhani Larson hakukosa huruma. Televisheni ya saa za jioni ilitaka familia nzima ifurahi, na hadithi ya maangamizi ya umma haikuwa na mahali pa kukaa ndani ya sharti hilo.

Kati ya mwaka 1979 na 2003 moto wa Galactica ulitunzwa na mashabiki, na zaidi ya wote na Richard Hatch, mwigizaji aliyekuwa Kapteni Apollo. Aliandika riwaya za kuiendeleza hadithi, na mwaka 1999 akatengeneza filamu fupi ya kuonyesha jinsi mwendelezo huo ungekuwa, akiitembeza kwenye makongamano ya mashabiki kwa matumaini kwamba wenye haki za tamthilia wangeshawishika. Hawakushawishika. Kazi walipewa Ronald D. Moore, mwandishi aliyekuwa ametoka kwenye Star Trek, pamoja na David Eick, nao waliamua kuanza upya kabisa: Cylon sasa wameundwa na wanadamu wenyewe, baadhi yao wana sura na damu ya kibinadamu, na rubani Starbuck, ambaye Dirk Benedict alimwigiza kama kijana mcheza kamari na mvuta sigara kubwa, amekuwa mwanamke na kuigizwa na Katee Sackhoff. Hasira za mashabiki zilikuwa kali. Moore alipokwenda mbele yao mwaka 2003 kuwaonyesha vipande vya kazi yake, alizomewa.

Heshima yangu kwa Hatch ilikua kutokana na kilichofuata. Mtu huyu aliyenyimwa ndoto yake alikubali kuingia ndani ya tamthilia ileile aliyokuwa ameipinga, akaigiza nafasi mpya ya Tom Zarek, mfungwa wa kisiasa ambaye Apollo mpya anakwenda kuzungumza naye katika chombo cha magereza. Ukiwatazama wawili hao wakiwa wameketi ana kwa ana, Apollo wa zamani na Apollo wa sasa, mmoja akimuuliza mwenzake anatumikia serikali ya nani na kwa idhini ya nani, unaona tamthilia ikifanya mbele ya macho yako kile ilichokusudia kukifanya tangu mwanzo. Hatch alifariki tarehe 7 Februari 2017, na kwangu mimi Zarek ni kazi bora kuliko Apollo wake.

Moore alikuwa ameandika mapema kwamba anataka sayansi ya kubuni iliyo karibu na maisha halisi, isiyo na viumbe vya ajabu wala maneno ya kitaalamu yasiyo na maana. Matokeo yake yanaonekana hata katika vitu vidogo vilivyomo chomboni. Galactica mpya ni manowari kuukuu iliyo mbioni kugeuzwa jumba la makumbusho, na inanusurika kwa sababu kamanda wake, Adama mpya, aliyeigizwa na Edward James Olmos, alikataa kompyuta zake zisiunganishwe katika mtandao mmoja ambao Cylon wangeweza kuupenya. Maofisa wake wanazungumza kwa simu za waya, wakinyanyua mkonga mzito na kuurudisha mahali pake kwa kishindo. Karatasi zote, kuanzia amri za kijeshi hadi vitabu, zimekatwa pembe zake nne, na hakuna anayeeleza kwa nini. Mtazamaji anazizoea baada ya muda, na hapo anakuwa amekwisha kuamini kwamba watu hawa wana desturi na historia yao.

Sehemu ya kwanza ya mfululizo, iliyofuata baada ya ufunguzi wa Desemba 2003, ndiyo ninayomwonyesha mtu yeyote anayeniuliza kwa nini napoteza muda na roboti. Cylon wanautokea msafara kila baada ya dakika 33, na kila mara vyombo vyote huruka papo hapo hadi sehemu nyingine ya anga ili kuwakimbia. Marubani na mafundi hawajalala kwa zaidi ya siku tano. Macho yamewavimba, wanasahau wanachokisema katikati ya sentensi, na saa ya ukutani inahesabu tena. Katika mruko mmoja chombo cha abiria kiitwacho Olympic Carrier, chenye watu 1,345, kinaachwa nyuma, na tangu hapo Cylon hawaji tena. Kisha chombo hicho kinarudi. Inashukiwa kwamba ndicho kilichokuwa kikifuatiliwa, na vyombo vya kupima vinaonyesha kwamba kimebeba silaha ya nyuklia. Apollo anapita karibu na madirisha yake akijaribu kuona kama ndani kuna watu, na kamera haimpi mtazamaji jibu la hakika. Kinatunguliwa kwa amri ya Rais Laura Roslin, aliyekuwa waziri wa elimu na mtu wa 43 katika orodha ya kurithi urais, na ambaye siku hizo chache zimemfundisha uongozi kwa namna ya kikatili. Ofisini kwake kuna ubao mweupe ulioandikwa idadi ya wanadamu waliobaki, karibu 50,000, naye huipunguza kwa mkono wake kila taarifa ya vifo inapoletwa. Mwishoni analetewa habari kwamba mtoto amezaliwa katika mojawapo ya vyombo vya msafara. Anakwenda ubaoni na kuongeza mmoja. Sehemu hiyo ilipewa tuzo ya Hugo, ya kazi za sayansi ya kubuni, mwaka 2005, na haki yake ilikuwa hiyo.

Huo ubao ndio jibu la Moore kwa jumba la kamari la mwaka 1978. Jibu la pili ni ukuta uliomo katika ujia mmoja wa Galactica, ambapo manusura wamebandika picha za waliokufa, mishumaa ikiwaka chini yake, na marubani wakiwa njiani kwenda kwenye ndege zao hugusa picha moja kwa vidole na kupita. Wamarekani waliokuwa wameona kuta za namna hiyo mjini New York mwaka 2001 hawakuhitaji kuelezwa. Toleo jipya liliyachukua matukio ya toleo la zamani moja baada ya jingine na kuyauliza swali ambalo mwanzoni halikuulizwa. Kamanda Cain wa zamani, aliyeigizwa na Lloyd Bridges, alikuwa shujaa mwenye papara, wa kushangiliwa. Cain mpya, Admirali wa kike aliyeigizwa na Michelle Forbes, alinusurika kwa kuvinyang'anya vyombo vya raia vipuri vyao na watu wao wenye ujuzi, kisha akawaacha waliobaki angani wafe, na msaidizi wake alipokataa kutii amri alimpiga risasi mbele ya wenzake. Ujasiri ni uleule, isipokuwa safari hii tunaonyeshwa waliolipia gharama yake.

Kilele cha ubishi huo ni mwanzo wa msimu wa tatu, Oktoba 2006, wakati majeshi ya Marekani yalikuwa bado yanaikalia Iraq. Wanadamu wamehamia kwenye sayari baridi iitwayo New Caprica, Cylon wamekuja kuitawala, na wahusika tuliowapenda ndio sasa wanaotega mabomu na kumtuma kijana kujitoa mhanga katika mahafali ya askari polisi waliokubali kuwatumikia wavamizi. Tamthilia ya Marekani ilimweka mtazamaji wa Marekani upande wa wanaokaliwa, na ilifanya hivyo vita vikiendelea. Kanali Tigh, aliyeng'olewa jicho gerezani, anagundua kwamba mkewe Ellen aliwapa Cylon siri za wapiganaji ili kumwokoa yeye. Anamletea kikombe chenye sumu, anamkumbatia anapokinywa, na Ellen anajua. Michael Hogan haigizi hapo kwa maneno. Anaigiza kwa jicho moja lililobaki. Tarehe 17 Machi 2009, siku tatu kabla ya tamati, Umoja wa Mataifa uliwakaribisha Moore, Eick, Olmos na Mary McDonnell, aliyeigiza Rais Roslin, katika makao yake makuu mjini New York kujadili haki za binadamu, ugaidi na maridhiano kwa kuitumia tamthilia hii. Sijui ni roboti gani wengine waliowahi kufikishwa hapo.

Palepale kwenye sifa hizi pana jambo ambalo shabiki wa Kiafrika hawezi kuliruka. Galactica ya 1978 ilikuwa na maofisa wawili weusi wenye vyeo vya kueleweka: Kanali Tigh, aliyeigizwa na Terry Carter, ambaye alikuwa wa pili kwa mamlaka chomboni, na Luteni Boomer, aliyeigizwa na Herb Jefferson Jr. Katika toleo jipya nafasi zote mbili zilikwenda kwa wengine. Hogan na Grace Park walizitendea haki kikamilifu, na sina neno juu yao. Lakini mhusika mweusi aliyepewa nafasi kubwa kuliko wengine, ofisa wa mawasiliano Dualla, aliyeigizwa na Kandyse McClure mzaliwa wa Durban, alibaki kando ya hadithi za wengine kwa muda mrefu, na mapema mwaka 2009 akajiua kwa bastola baada ya msafara kuifikia Dunia ya kwanza na kuikuta ni majivu ya vita vya nyuklia. Hakuwahi kuiona ile ya pili.

Dunia ya pili ndiyo yetu. Starbuck anairusha Galactica bila kujua inakokwenda, chombo kinatokea nyuma ya Mwezi, na mbele yao inachomoza sayari ya buluu ambayo bara lake la kwanza kuonekana ni Afrika. Rais Roslin, ambaye saratani inammaliza, anapitishwa angani kuona nyika na makundi ya heroe, na yeyote aliyewahi kusikia habari za Ziwa Natron atajua ndege hao wako mahali pao, ingawa ardhi iliyopigwa picha ilikuwa karibu na Kamloops, British Columbia. Kisha hadithi inaruka miaka 150,000 na kutufikisha New York, ambako Moore mwenyewe anaonekana akisoma jarida kuhusu mabaki ya msichana anayedhaniwa kuwa mama wa wanadamu wote. Inatamkwa wazi kwamba aliishi katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Msichana huyo ni Hera, mtoto wa baba wa makoloni na mama Cylon. Niliposikia jina la nchi yangu nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, nikiwa na furaha ya kweli.

Furaha ile imebaki, lakini imekaa pamoja na uchungu. Mwaka 1978 kila sehemu ilifunguliwa kwa sauti iliyosema kwamba wapo wanaoamini uhai wa hapa ulianzia kule mbali, kwa makabila ya watu ambao huenda walikuwa mababu wa Wamisri na Wamaya. Lilikuwa wazo lililopendwa sana miaka ile, kwamba piramidi na mahekalu ya watu wasio Wazungu hayawezi kuelezwa bila wageni kutoka angani. Moore alihoji ushujaa, alihoji jeshi, alihoji dini, alihoji hata maana ya kuwa binadamu, halafu wazo hili akalipitisha na kulihamishia kwetu. Hata muziki unakiri. Manusura wanapoamua kuvituma vyombo vyao vyote vichomeke katika jua, Bear McCreary, ambaye kwa misimu minne alijenga sauti yake mwenyewe ya ngoma na duduk, zumari la Kiarmenia, anaupiga wimbo wa Stu Phillips wa mwaka 1978. Unasisimua mno, nami hunitoa machozi. Ila hapo tamthilia inakoma kubishana na mzazi wake na kumtii.

Kabla ya uamuzi huo Adama, mwanawe Lee, yaani yule Apollo mpya, mwanasayansi Baltar na wenzao wamejilaza kwenye majani wakiwatazama kwa darubini watu wa asili wakipita na mikuki yao. Inasemwa kwamba hawana hata lugha, na Lee anajibu kwamba hilo wao wanaweza kuwapa. Watu hao hawasemi neno lolote mbele ya kamera, hawana jina, hawaonyeshwi sura zao kwa karibu, na hakuna hata mmoja anayewaona wageni. Wanatembea kwa kundi wakiwa na silaha walizozitengeneza. Wamekubaliana waende wapi na kuwinda nini. Tamthilia iliyotuomba tuone roho ndani ya mashine haikuwapa watu hao dakika moja.

Kwa upande wa elimu ya viumbe kosa linazidi. Mama huyo wa wanadamu ni dhana iliyotokana na utafiti wa Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson wa mwaka 1987, waliochunguza DNA ya mitokondria, yaani visehemu vidogo vya ndani ya seli, ya watu 147 na kuonyesha kwamba nasaba zake zinarudi Afrika. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Hera akiwa ndiye mama huyo, basi mitokondria ya kila mwanadamu aliye hai imetoka kwa mama yake, Athena, mwanamke wa Cylon, na hakuna mtu leo anayefuata mstari wa mama hadi kwa mwanamke yeyote wa nyika ile. Bibi zetu wanafutwa katika urithi ule mmoja ambao ni wa wanawake. Ukweli ni kwamba mitokondria yetu ina undugu na ya Neanderthal na hata ya sokwe, kwa hiyo imekuwa hapahapa siku zote. Mwaka uleule wa 1978 ambao Larson alikuwa akiwatangazia Wamarekani kwamba uhai ulitoka mbali, kikosi cha Mary Leakey kilikuwa Laetoli, kusini mwa Olduvai, kikifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Miaka miwili kabla yake, katika tabaka za Ngaloba palepale Laetoli, lilikuwa limepatikana fuvu la mtu wa jamii yetu linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka 120,000 hivi. Watu walikuwapo, na walikuwa wenyewe.

Siandiki haya ili mtu aiache tamthilia. Ningependa kila mpenzi wa hadithi nzuri aione, kuanzia ufunguzi wa 2003 hadi tamati, kwa mpangilio na bila haraka. Naandika kwa sababu jaribio jingine la kuifufua, lililotangazwa mwaka 2019 chini ya mtayarishaji Sam Esmail kwa ajili ya Peacock, huduma ya video ya mtandaoni, liliachwa na Peacock mwaka 2024, na jina kama hili halikai kimya muda mrefu. Mtu mwingine atalichukua. Atakayelichukua atakuwa na haki ya kubishana na Moore kama Moore alivyobishana na Larson, na mahali pa kuanzia pako wazi. Aiondoe kamera kwenye yale majani walikojificha wageni wenye darubini, aipeleke kwa wale watu wenye mikuki, awape majina na maneno, na atuonyeshe wanavyoshauriana usiku ule walipoona taa zikishuka upande wa mashariki.